Plagi Isiyo na Fundo

Jumatatu, 6 Januari 1975

Waya nne tangu asubuhi. Pasi mbili, birika ya balozi wetu wa nyumba kumi, taa ya mezani ya mwalimu. Ya mwalimu haikuwa na plagi kabisa. Alikuwa anachomeka waya tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. Mtu mwenye cheti.

Nyamisi mgongoni, anaota jino, analia. Magesa nimemfunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu jana nilimkuta anatafuna miguu ya plagi kama muwa. Jirani akiona atasema nafuga mtoto kama mbuzi. Aseme.

Plagi mpya hazipo Musoma nzima. Nimeuliza maduka yote. Kwa hiyo ni kufungua za zamani, kukwangua kutu, kukata waya pale ilipoungua, kumenya upya, kukunja ncha mara mbili, kukaza skrubu. Kisha fundo. Baba alikuwa fundi umeme mgodini Buhemba na alinifundisha hilo kabla sijajua kusuka nywele. Kabla ya kufunga kifuniko, waya zote zipigwe fundo moja ndani ya plagi. Vibanio vya kushikilia waya ndani ya plagi hizi kuukuu vimeshavunjika. Mtu akivuta, anavuta fundo, havuti skrubu.

Mume wangu Mafuru karudi kutoka kazini saa kumi. Watu wakaja kuchukua vitu vyao. Akawapa yeye, mlangoni, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.

"Asante sana, fundi."

"Karibu tena, ndugu yangu."

Mimi nyuma ya pazia na mtoto kwenye ziwa.

Huu mwaka wa tatu. Anasema watu wakijua ni mkono wa mke wake hawataleta tena. Pengine ni kweli. Inaniuma vilevile.

Jumatano, 8 Januari

Umeme umekatika tangu jana jioni. Betri ya kipimo changu nayo imekufa.

Kipimo chenyewe ni betri moja ya tochi, balbu yake na vipande viwili vya waya. Nagusa ncha hii huku, ile kule. Balbu ikiwaka, najua waya gani inakwenda wapi. Sifungi kitu kabla ya kupima. Baba anasema rangi ya waya ni nguo tu, na mtu anaweza kuvaa nguo ya mwenzake.

Nilimwomba Mafuru anitafutie betri. Kasema hazipo. Halafu kasema yeye fundi wa karakana, hawezi kupiga ramli na balbu kama mganga. Mwezi huu wanachagua msimamizi wa karakana na jina lake linatajwa. Tangu litajwe, hata kikombe chake hakiinui kutoka mkekani.

Nimechoka. Nguo za watoto bado zimo kwenye beseni.

Alhamisi, 9 Januari

Bi Zuhura kaleta pasi yake asubuhi. Yuko chumba cha tatu, uani hapahapa, mshona nguo. Nilipojifungua Nyamisi, Mafuru alikuwa safarini, na ni huyu mama aliyenikanda, akanipikia uji, akafua nepi bila kuombwa. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, hajawahi kunibagua kwa hilo.

Pasi kauziwa na muuguzi mmoja Mjerumani aliyerudi kwao. Nzito, waya yake imevikwa kitambaa. Plagi imepasuka. Nikafungua. Ndani nyekundu, nyeusi na kijivu. Kijivu sijawahi kuiona maishani.

Nikamwambia aniachie mpaka kesho, nitafute betri kwanza, nipime. Akasema, "Mwanangu, sare za watoto zote zinasubiri hiyo pasi. Shule Jumatatu." Nikasema kesho mapema, Bi Zuhura. Akakubali.

Jioni Mafuru kaikuta kwenye mkeka.

"Hii inangoja nini?"

"Inangoja kipimo. Sijui kijivu ni nini."

"Nyekundu moto. Nyeusi inarudi. Inayobaki ardhi. Mtoto wa darasa la tatu anajua."

Kwa mafundi, moto ndiyo inaleta umeme, ya pili inaurudisha, ardhi ni ya kinga tu. Akachukua plagi nyingine kwenye kopo, akakaza, akamaliza kabla ugali haujaiva. Umeme haupo, hakuna pa kujaribia. Nikasema isitoke humu ndani. Akasema, "Mama Magesa, songa ugali." Bi Zuhura alipopiga hodi kuulizia pasi yake, Mafuru akampa, mlangoni, kama kawaida.

Niliinua pazia kidogo. Nikaliachia. Nilikuwa na mwiko mkononi na mtoto mgongoni na nilikuwa nimechoka kubishana. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Ijumaa, 10 Januari

Umeme ulirudi saa sita mchana.

Nilikuwa naanika. Nikasikia kigoda kimeanguka kwa Bi Zuhura. Kigoda tu. Hakupiga kelele. Nikaita. Nikaingia.

Alikuwa kakaa sakafuni, mgongo ukutani, kiganja cha kulia kimenata chini ya pasi, meno yamebanana. Sakafu mbichi, alikuwa katoka kupiga deki. Sikumgusa. Baba alinifundisha hilo pia. Nikachukua ufagio wa mti, nikapiga swichi ya soketi. Mkono ukaachia. Pasi ikaanguka.

Pasi ilikuwa ya baridi. Nimeigusa baadaye. Baridi kabisa. Haikupata moto, kwa hiyo akaitia kiganja kuangalia kama inaanza kupata.

Yuko hai. Wamempeleka hospitali kwa baiskeli ya jirani.

Jumamosi, 11 Januari

Kiganja umeme umekiunguza mpaka nyama. Vidole viwili daktari hajui kama vitakunjika.

Mzee Wambura, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja mchana kuuliza ilikuwaje. Uani watu wamejaa. Pasi kaitia kwenye gunia pamoja na plagi yake, akafunga mdomo kwa kamba, akasema isiguswe na mtu mpaka tukae kikao.

Kisha akamgeukia Mafuru, fundi.

Mafuru kavua kofia. Kasema, sauti ya chini, ya mtu mwema: "Ndugu balozi, sitaficha. Hizi waya anafungaga mke wangu. Mimi nashinda kazini. Vitu vyote mnavyoleta pale, ni yeye. Nimemkatazaga, hasikii. Mimi kosa langu ni kumpa tu Bi Zuhura mlangoni."

Miaka mitatu nimengoja aseme hayo mbele za watu. Leo kayasema.

Nilifungua mdomo. Nyamisi akaanza kulia. Wanawake wakanitazama. Mmoja wa wanaoniachia watoto wakienda sokoni akasema, "Na tulimwachia watoto wetu huyu." Nikaingia ndani.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefungua. Watoto wamepita na kaptula za mwaka jana.

Bombani wamenipisha foleni. Si kwa heshima. Hawataki ndoo zao zigusane na yangu.

Nimekwenda hospitali na uji. Bi Zuhura kanitazama sana. Kasema, "Mama Magesa, ulisema utapima." Basi. Uji hakuunywa. Niliiacha sufuria kwa mlinzi kwa sababu sikuweza kurudi nayo imejaa.

Ningemwambia palepale. Lakini mtu amelala na mkono umefungwa kama mtoto mchanga, unamwambia nini? Si mimi, ni mume wangu? Kila mwenye kosa anasema hivyo.

Nyumbani nikamwuliza Mafuru kwa nini. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alieleza kama anaeleza ratiba ya basi. Karakana wakisikia fundi wao kamtia mtu shoti, usimamizi umekwenda, labda na kazi. Watoto watakula nini? "Wewe huna kazi ya kupoteza."

Nilikuwa nammenyea kiazi. Nikaendelea kumenya. Kiazi kikabaki kidogo kama gololi.

Jumanne, 14 Januari

Mama mkwe kafika kutoka Bunda. Kaacha pamba yake palizi katikati, kaja na unga wa mtama na maneno. Mafuru alimwita. Kwa hiyo wanaogopa.

Kanikalisha jikoni. "Mkamwana, mwanamke anafunikaga. Mimi nilifunikaga ya baba yake mpaka tukamzika. Ngozi yangu imetoboka? Sema ulikosea, watakusamehe, mwanamke anasamehewaga. Mwanaume wakimcheka hainuki."

Ni mama mzuri. Wajukuu anawapenda. Kamwogesha Nyamisi vizuri kuliko mimi. Nilitaka nimlalie mapajani nilie, na nilitaka arudi Bunda na basi la kwanza.

Kikao Jumapili.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa baba. Magesa nimemwacha na bibi yake, Nyamisi nimembeba. Lori mpaka Butiama, kisha miguu. Mgodi ulipofungwa alirudi kulima, na sasa wamemhamishia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama shule. Umeme hakuna. Fundi umeme analima mihogo.

Nilimsimulia yote. Hakusema pole. Kauliza swali moja: "Nyekundu kaipeleka wapi?"

"Kwenye moto."

Kafumba macho. Kasema mgodini walikuwa na mashine za Kijerumani za zamani, na kwa watu wale nyekundu ilikuwa ardhi. Inakazwa kwenye bati lenyewe. Ukiipa moto, umeupa mwili wote wa mashine moto. Ameona mtu akifa hivyo, na huyo aliyefunga alikuwa fundi mwenye vyeti.

Nikasema, "Baba, nikinyamaza itapita." Kasema, "Itapita. Halafu mumeo atafunga nyekundu nyingine, kwa sababu hajui, na hakuna aliyemwambia. Itakuwa ya nani hiyo? Labda ya kwako. Huyo wa kamba kiunoni anagusa kila kitu."

Kisha kauliza kama plagi imefunguliwa. Nikasema bado, iko kwenye gunia la balozi.

"Basi maneno yote hayo ni kelele tu. Fungua."

Katoa betri kwenye redio yake. Ilikuwa na hiyo moja nzima. Nimerudi nayo ndani ya kitenge, kifuani, karibu na kichwa cha mtoto.

Jumapili, 19 Januari

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Kikao kilikuwa uani, baada ya watu kutoka kanisani. Bi Zuhura kaletwa, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Balozi kaketi kwenye kiti kilicholetwa kutoka chumbani kwake. Mafuru karudia maneno yaleyale, na safari hii kaongeza kwamba nimekuwa mtu wa kukosa usingizi, akili haitulii, watoto wamenichosha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wananihurumia tayari.

Balozi kasema, "Mama Magesa, useme neno, tumalize kwa amani."

Mama mkwe akanitazama. Nilijua anachoomba.

Nikasema naomba gunia lifunguliwe.

Mafuru kasema hakuna haja. Balozi kalifungua. Kwanza nikaenda ndani nikaleta redio yetu. Nikafungua plagi yake mbele yao, nikawaonyesha fundo. Nikasema, mimi nafunga hivi, kila moja, sijawahi kuacha. Kisha nikafungua ya Bi Zuhura.

Waya tatu zimenyooka. Hakuna fundo.

Mafuru kacheka kidogo. "Alisahau. Si ndiyo nimesema akili haitulii?"

Sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Ni mke wa balozi aliyesimama. Kasema, "Leteni birika yetu tuone." Kaenda mwenyewe. Nikafungua. Fundo. Mwalimu naye kaenda kuleta taa yake, anajikaza asionekane anakimbia. Fundo. Yule mama aliyesema waliniachia watoto wao kaleta pasi, kaiweka mbele yangu bila kunitazama. Fundo. Zikaja nyingine mbili. Plagi zimepangwa kwenye mkeka, vifuniko wazi, kila moja na fundo lake, na moja tu iliyo tupu.

Balozi kamwuliza Mafuru taratibu, "Sasa ndugu, wewe ulikuwa unafunga zipi?"

Kuna mtu alicheka kwa nyuma. Kicheko kile kilinichoma hata mimi.

Sikumaliza hapo. Ningetaka kumaliza hapo, lakini nyekundu bado ilikuwa haijasemwa. Nikatoa betri ya baba na balbu. Ncha moja kwenye waya nyekundu, nyingine kwenye bati la pasi. Balbu ikawaka. Nikaeleza: katika pasi hii nyekundu ni ardhi, imekazwa mwilini, na aliyeipa moto alimpa Bi Zuhura umeme mkononi; ndiyo maana pasi ilibaki baridi, umeme ulikwenda kwenye bati, si kwenye koili.

Nikamtazama Mafuru. Alikuwa anaitazama balbu. Hakujua. Uso ulikuwa wa mtu ambaye ndiyo kwanza anaona. Siku zote hizi alidhani pasi yenyewe ni mbovu, akanitwisha mimi ili tu yeye abaki msafi. Nikamhurumia. Nikachukia kwamba namhurumia.

Bi Zuhura hakulia wala kutukana. Kamwambia, "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba hujui." Mafuru kainama. Kaomba radhi, nilimsikia mimi na walio karibu. Balozi kasema wenye vitu wachukue vitu vyao. Sikuwa nimezifunga tena. Nikakaa pale mkekani nikafunga moja moja, wote wamesimama wananingoja, na hakuna aliyesema asante, fundi. Walisema tu, "Haya."

Jumatatu, 20 Januari

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Kanipa mkono wa kwaheri kwa ncha za vidole. "Umemvua nguo mume wako mchana, mkamwana." Nikasema ndiyo, mama. Nikambebea mzigo mpaka stendi.

Mafuru kala, kaenda kazini. Bisibisi kaiacha mezani.

Ijumaa, 24 Januari

Hakuna aliyeleta waya wiki hii yote. Mwanamke hawamtaki. Mafuru hawamwamini. Nimemwona jirani wa mtaa wa pili kachomeka waya tupu kwa vijiti vya kiberiti.

Usimamizi wa karakana kapewa mtu mwingine. Nimesikia bombani, si kwake. Nilidhani nitafurahi hata kidogo.

Leo Mafuru kakuta nimepanga waya za mabaki kwa rangi, namfundisha Magesa kuhesabu. Kachuchumaa. Kaokota ya kijivu. Kauliza, bila kunitazama, "Na hii je?" Nikamwambia, katika zile za kale za Kijerumani, hii ndiyo inarudi. Nyeusi ndiyo moto. Lakini usiamini hata mimi. Pima. Kaishika muda, kairudisha mahali pake.

Sijamsamehe. Nimemjibu kwa sababu aliuliza.

Jumatano, 29 Januari

Mvua asubuhi. Nyamisi jino limetoka.

Bi Zuhura kaja mlangoni na pasi, kaikumbatia kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati vya kulia havikunjiki. Kitambaa anakisukuma kwa kifundo cha mkono, mshono unakwenda upande. Kasema, "Ifunge."

Nikaifunga mbele yake. Nikapima nyekundu, nikaipeleka ardhi. Nyeusi. Kijivu. Nikapiga fundo, nikamwonyesha, akaligusa kwa kidole, ndipo nikafunga kifuniko.

Tukaenda chumbani kwake. Sare zipo palepale, mikunjo ya wiki tatu. Kasema hawezi kushika kile kitu tena, nimpigie mimi. Nikachomeka. Nikagusa bati kwa mgongo wa mkono, kama baba alivyonifundisha. Hamna kitu. Ikaanza kupata moto. Nikapiga kaptula kumi na moja na mashati, mpaka mchana.

Hakukaa ndani. Alitoa kigoda nje, kwenye manyunyu, akamshika Nyamisi mapajani kwa ule mkono mzima, akakaa ananipa mgongo. Nilipochomoa nikamwambia tayari. Akachungulia kwanza kama plagi iko nje ya soketi. Kisha akaingia.